Aliyeegemea Mlango

Paukwa!

Pakawa!

Ala! Hiyo ndiyo pakawa gani? Mmeshiba viazi mkasahau kuitikia? Nimesema paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni karibu na moto. Wewe unayechokoa majivu na kijiti, acha. Hadithi ya leo haichekeshi. Anayetaka kucheka aende akacheke na mbuzi.

Hapo zamani za kale, enzi ambazo watu na wanyama walikuwa wakisalimiana njiani, palikuwa na nchi iliyoitwa Igundu, nchi ya Mtemi Lugwisha. Humo aliishi mama mmoja jina lake Nyamizi. Mume alishakufa. Mtoto alikuwa naye mmoja tu, Shija, kijana mrefu mwenye kovu juu ya jicho. Nyamizi alimpenda mtoto huyo kupita kiasi, mpaka majirani walikuwa wakimsema.

Kazi ya Nyamizi ilikuwa kuosha mikono ya askari. Msikunje nyuso, ilikuwa kazi ya heshima. Huko Igundu mtu akirudi vitani ameua, hakugusa chakula kwa mkono wake. Mkono ulikuwa bado ni wa marehemu. Mama yake au mkewe alimlisha tonge baada ya tonge, kama mtoto mchanga, hadi siku ya kwenda kwa Nyamizi. Hapo Nyamizi aliinamisha kibuyu cha maji juu ya mikono ile, akauliza: "Umemuua nani? Umemuua nani? Umemuua nani?" Na askari alitaja jina. Zamani watu walijitaja kwanza ndipo warushiane mikuki, kwa hiyo majina yalijulikana. Akitaja kweli, anaoshwa, anakula. Akidanganya, chakula kinageuka majivu mdomoni mwake. Ndivyo ilivyokuwa.

Sasa Mtemi Lugwisha akaingiwa na tamaa ya chumvi. Ng'ambo ya mto kulikuwa na kijiji cha Itunu, na watu wake walipika chumvi nyeupe, tamu, hakuna mfano. Mtemi akapeleka askari, na Shija alikuwemo. Walikaa siku tisa. Siku ya kumi wakarudi na mizigo ya chumvi vichwani, ngoma zinalia, wanawake wanapiga vigelegele. Mbele yao alitembea Hondohondo, ndege wa mdomo mkubwa, mpiga mbiu wa Mtemi.

"Askari wetu wamepigana na askari wenzao!" akanguruma Hondohondo. "Askari wetu hawakugusa mwanamke! Askari wetu hawakugusa mtoto!"

Nyamizi akajiuliza, kwani nani ameuliza? Lakini alimwona Shija yu mzima, miguu miwili, mikono miwili, akalitupa swali lile akakimbia kumkumbatia.

Mtemi akatoa amri. Safari hii hakuna kuosha mmoja mmoja. Askari wote wataingia mtoni kwa pamoja, watasema "tumeua askari," basi, yameisha. Nyamizi aliambiwa amwage kibuyu kimoja na asiulize lolote. Akamwaga. Hakuuliza. Jioni ile palikuwa na karamu, na kila askari alikula kwa mkono wake, lakini wengi walikuwa wakitafuna huku wamefumba macho, na wengine walikwenda nyuma ya uzio kutema.

Shija hakula kabisa.

"Kula, baba," mama yake akambembeleza nyumbani.

"Ni majivu, mama."

Nyamizi akachukua kibuyu chake. "Umemuua nani?"

"Askari, mama."

Moyo wake ukatulia, akamwosha vizuri hadi kwenye viwiko, akampa ugali. Shija akatema majivu.

Baada ya siku tano akachukua kibuyu tena. "Umemuua nani?"

"Askari, mama." Safari hii hakumtazama. Nyamizi alijua, wenzangu. Mama gani hamjui mtoto wake? Alijua, na akamwosha hivyohivyo, akajisemea kuwa mtoto amerogwa, kwamba ni homa, kwamba ni maji ya mto mchafu. Shija akatema majivu.

Mara ya tatu mbavu za kijana zilikuwa zinahesabika kwa mbali. Nyamizi akainamisha kibuyu.

"Umemuua nani?"

"Mama, usiniulize."

"Umemuua nani?"

"Kabula."

"Kabula ni askari wa wapi?"

"Si askari," Shija akasema. "Ni mtoto."

Kisha yakatoka yote. Wanaume wa Itunu walikuwa wamekimbilia milimani kutafuta msaada. Wanawake na watoto walijificha kwenye ghala la mtama. Kiongozi wa askari akasema mlango ufungwe na paa liwashwe. Mlango ule haukuwa na komeo. Ulihitaji mtu wa kuushikilia.

"Nikauegemea kwa mgongo, mama. Nikasikia wanausukuma. Mama mmoja alikuwa anasema, Kabula, shika nguo yangu, Kabula, usiachie. Baadaye hakusema tena."

Nyamizi alimpiga kofi. Akampiga la pili. Akataka kumpiga la tatu, akashindwa, akamshika kichwa akakibana kifuani. "Wewe? Wewe niliyekunyonyesha mimi?" Alimchukia na kumpenda kwa wakati mmoja, na vyote viwili vilimuuma.

"Na wengine?" akauliza. "Nitajie wengine."

"Siwajui. Jina nililosikia ni hilo tu."

Basi ikawa kazi. Bila majina Shija hataoshwa, na bila kuoshwa atakufa njaa. Nyamizi akajifunga kanga, akachukua kibuyu, akavuka mto.

Ng'ambo alimkuta Fisi amelala njiani, amenenepa hadi tumbo linagusa nchi.

"Fisi, Itunu ni wapi?"

"Fuata njia niliyojia," Fisi akajibu.

"Kwetu wanasema huko walikufa askari tu."

Fisi akakaa kitako. "Mama, mimi nanuka, mimi mwoga, mimi mwizi wa mbuzi, yote kweli. Lakini nilichokula nasema nimekula. Ninyi watu mna mambo!" Akalala tena.

Itunu ilikuwa nyeusi. Penye ghala palikuwa na duara la udongo uliopasuka. Pembeni alikaa mwanamke wa makamo, peke yake, anachochea moto chini ya chungu cha chumvi. Jina lake Holo.

"Hodi, mwenzangu," akasema Nyamizi.

"Hakuna mlango hapa wa kupigia hodi. Unatoka Igundu?"

"Ndiyo. Naomba majina ya waliokuwa ghalani. Mwanangu hawezi kula mpaka ayataje, kila tonge linageuka majivu."

Holo aliinua uso. "Mwanao ana njaa." Akacheka, kicheko kibaya. "Jamani, mwanao ana njaa! Yukoje huyo mwanao?"

"Mrefu. Ana kovu juu ya jicho."

Holo aliacha kucheka. "Huyo nilimwona. Nilikuwa kwenye nyasi kule, nimetoka kuchota magadi. Ni yeye aliyeegemea mlango. Kabula alikuwa mjukuu wangu, na aliyekuwa anamwita ni binti yangu. Nenda zako."

Nyamizi hakwenda. Siku ya kwanza alimchotea maji, Holo akayamwaga. Siku ya pili alimchotea maji, Holo akayamwaga. Siku ya tatu alimchotea maji, Holo akayatazama, kisha akayatia kwenye chungu.

"Nitakupa," akasema. "Sikupi ili yeye ale. Afe au apone ni shauri lenu. Nakupa ili yatajwe mbele ya Mtemi wenu, watu wote wasikie. Ukiyanong'ona chumbani kwako, chakula chake kibaki majivu."

Akayataja, majina ishirini na matatu. Nyamizi akayarudia njia nzima, mguu mmoja jina moja, mpaka akavuka mto.

Nyumbani alimkuta Shija ameegemea ukuta, hana nguvu ya kusimama. Akamweleza yote bila kumficha. "Tukinyamaza, njaa itakuua. Tukisema, Mtemi atakuua. Mwanangu, mimi sijui nichague nini. Najuta hata kukuzaa niyaone haya."

"Nipeleke barazani, mama," Shija akasema. "Nimechoka kutafuna majivu."

Baraza lilikuwa limejaa siku hiyo, Mtemi anagawa chumvi. Nyamizi akapita katikati ya watu, amembeba mwanawe mgongoni, mtu mzima yule, maana alikuwa mwepesi. Akamweka chini. Akainamisha kibuyu.

"Umemuua nani?"

"Kabula."

"Umemuua nani?"

"Mama yake Kabula." Nyamizi akamtajia jina, naye akalirudia. Akamtajia lingine, akalirudia. Watu wakaganda.

Hondohondo akapasua sauti: "Itunu hakuna! Itunu haijawahi kuwapo! Ng'ambo ni vichaka vitupu!"

"Kama ni vichaka," Nyamizi akasema, "hiyo chumvi mnayogawana ilipikwa na nani? Digidigi?"

Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Nyamizi aliendelea hadi jina la ishirini na tatu, na Shija akalisema la ishirini na tatu, na maji ya kibuyu yakaishia mikononi mwake. Mama akatoa ugali kwenye kikapu. Shija akamega tonge la kwanza, akala. Akamega la pili, akala. Akamega la tatu, akamtazama mama yake, machozi yanamtoka.

"Mama," akasema, "leo ugali ni ugali."

Askari wengine, nao wamekonda, walikuwa wanaangalia mikono yao. Mmoja akapiga hatua kuja kwenye kibuyu. Kiongozi wao akakohoa. Yule askari akarudi mahali pake, na hakuna mwingine aliyejaribu.

Mtemi akasema kwa upole, "Shija, kijana wangu, wewe ni mgonjwa. Sema ni ugonjwa uliokufanya uyaseme hayo, urudi nyumbani na mama yako."

Nyamizi alitaka sana aseme. Mungu amsamehe, alitaka. Alimshika mkono akamminya, akamwambia kwa macho, sema, baba, sema.

"Si mgonjwa," Shija akasema. "Mlango niliuegemea mimi."

Wakamchukua nyuma ya uzio wa Mtemi, wenzake wenyewe waliokwenda naye vitani. Nyamizi alisikia. Kutoka pale alipokuwa amepiga magoti alisikia kila kitu.

Kesho yake alitandika mkeka uani, akakaa matangani. Akasubiri watu waje kumpa pole. Jua likapanda, hakuna aliyekuja. Badala yake akapita Hondohondo.

"Nyamizi hajawahi kuzaa! Shija hajawahi kuwapo! Nyamizi ni tasa tangu ujana!"

Nyamizi akainuka mbio hadi kwa jirani yake Minza, mkunga, aliyemtoa Shija tumboni kwa mikono yake miwili. "Minza, dada yangu, nisaidie kulia. Shija amekufa."

"Shija gani, dada?" Minza akasema. Alikuwa analia alipokuwa anasema hivyo, na machozi yalimfika kidevuni. "Mwenzangu, nina watoto. Shija gani?"

Alienda kwa mjomba wa kijana. Shija gani? Alienda kwa binti aliyekuwa aolewe naye. Shija gani? Aliporudi nyumbani alikuta wameshachukua kitanda cha Shija na kigoda chake, hata sahani yake. Chumba kimefagiliwa.

Siku ile ile Nyamizi akavuka mto. Hakubeba kitu. Alimkuta Holo palepale, anachochea moto.

"Nimeyataja mbele ya Mtemi," akasema. "Yote ishirini na matatu. Wamemuua. Na sasa wananiambia sikuzaa."

"Nani anasema?"

"Wote. Hata aliyenizalisha."

Holo aliinamia moto wake. Alikoroga chungu, akapunguza kuni. Mwisho akamgeukia, na uso wake haukuwa na huruma hata chembe.

"Ulizaa," akasema. "Alikuwa mrefu, ana kovu juu ya jicho. Niliyaona mabega yake kwenye ule mlango. Sitamsamehe mpaka nife. Lakini alikuwapo."

Nyamizi akaanguka miguuni pa mwanamke yule, akaanza kumlilia mtoto wake kwa sauti, kwa jina lake, na Holo akamwacha alie.

Mimi hadithi yangu imekomea hapo, sina nyongeza. Funikeni moto, tukalale.