Risasi Nyekundu Kooni mwa Bwire

Hapo zamani, si ile ya sungura kusema, hii ya majuzi ambapo kila baiskeli ilikwisha kuwa na kiraka, alikuwepo huko Majita mvuvi aitwaye Mafuru. Sikilizeni vizuri. Hadithi hii niliwahi kuisimulia msibani, wafiwa wakasahau kulia.

Mafuru alikuwa na mke, Nyangeta, na mtoto mmoja, Bwire, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia. Mtumbwi pia alikuwa nao mmoja tu.

Vipande vya risasi vya kuzamishia nyavu aliviyeyusha mwenyewe kutoka betri kuukuu za magari. Wakati wa kuvifunga alivijaza mdomoni kama karanga. Anatema kimoja, anafunga. Anatema kimoja, anafunga. Mkono huu umeshika wavu, ule umeshika uzi, basi mdomo ndio mkono wa tatu. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake.

Nesi wa zahanati akapita, akamwona, akashika kichwa. "Wee baba! Hiyo ni sumu! Inaingia kwenye damu, inaua taratibu! Na mtoto anakutazama!"

Mafuru akazitema risasi zote.

Akaja shemeji yake Majura, kaka wa Nyangeta, mpaka rangi wa mitumbwi. "Shemeji, zipake rangi. Nyekundu. Risasi haitakugusa tena."

Akaja jirani yake Masatu, fundi baiskeli. "Rangi inabanduka, jirani. Zivalishe mpira wa tyubu, kaza fundo, bakiza mkia wa kushikia."

"Mpira unaozea majini!"

"Na rangi yako inaota mizizi?"

Mafuru hakutaka kumuudhi shemeji, wala kumuudhi jirani. Akavalisha mpira, juu ya mpira akapaka rangi, akazianika uani kwenye ungo. Zikang'aa kama pipi. Ndugu zangu, kama pipi!

Bwire akaja, akaokota moja, rangi bado mbichi. Baba huzitia mdomoni, naye akatia.

Nyangeta alikuwa anasonga ugali. Akatupa jicho. Mamaa! Mtoto mwekundu mdomo mpaka kidevu, macho yamemtoka, sauti hana! Wanaume tuliokuwepo uani, Majura na Masatu pia, tukaganda. Hata mimi, niliyewahi kumfukuza kiboko kwa kanga ya mke wangu, miguu iligoma. Mafuru akapiga yowe: "Jamani! Atakayeniokolea mwanangu, mtumbwi wangu ni wake! Naapa mbele yenu!"

Mwiko ukaruka huko. Nyangeta akampindua mtoto kichwa chini, akaingiza vidole viwili, akapapasa, akaukuta mkia wa mpira, akavuta. Risasi ikatoka. Kisha Bwire akaangua kilio, nasi tukakishangilia kama bao.

Jasho halijakauka, Majura akakohoa. "Mtumbwi wangu, shemeji. Dada alishtushwa na nini? Wekundu! Bila rangi yangu angedhani mtoto anatafuna kiazi, akaendelea na ugali wake."

"Wekundu wako ndio uliomwita mtoto!" Masatu akafoka. "Mtumbwi ni wangu. Risasi tupu inateleza kuliko kambare. Bila mkia wangu, vidole vingeshika nini?"

"Mpira wako ndio ulioinenepesha ikakwama! Tupu ingepita tumboni."

"Ipite tumboni ikafanye nini? Nesi alisemaje?"

Nyangeta akaokota mwiko wake. "Rangi ilikuwa na vidole? Mkia ulijivuta? Mtumbwi nipeni mimi."

Mafuru akashtuka upya. "Mama Bwire, hata wewe? Si mali yetu sote?"

"Yetu sote ilikuwa asubuhi. Umeapa, baba Bwire. Na aliyemfundisha mtoto kula risasi ni nani? Kesho ukitaka kuvua, uje uniombe."

"Aa, dada," Majura akaruka, "mama kumwokoa mwanawe ni wajibu. Wajibu hauna zawadi!"

"Na mjomba je, ni mpita njia?" Nyangeta akamgeukia.

Mafuru hana shamba, hana ng'ombe. Mtumbwi ukienda, sufuria imeenda. Na kiapo cha mbele za watu, kwetu hakimezwi.

Mimi jibu ninalo, tena zuri kuliko lenu, lakini nitawaacha mhangaike kwanza. Mafuru huyo amesimama, kasia mkononi, hajui amkabidhi nani. Haya, mahakimu wangu: rangi iliyoonyesha, mkia uliovutika, au vidole vilivyovuta? Nani alistahili mtumbwi?