Msumari Mnazini
Tajiri Shekue alishikilia shamba la marehemu nduguye mpaka mwana wa marehemu, Mwinyi, afikie urefu wa fimbo ya babaye.

"Shemeji, weka alama ukutani," alisihi Mashavu, mama wa mtoto. "Si kwenye mnazi ule mchanga. Unakua haraka kuliko mwanangu."

Shekue, asiyejua kilimo, akatabasamu. Mbele ya mashahidi akapigilia msumari mnazini, sawa na fimbo.

Miaka ikapita, mnazi ukapita paa. Mwinyi akasimama wima, visigino shinani, kitabu kikilazwa utosini. Kikagusa msumari.

"Mmeushusha," alifoka Shekue.

"Haujasogea, shemeji. Mnazi hurefuka kileleni tu. Muulize mkwezi kuhusu vidato anavyochonga vya kukanyagia; havipandi."

"Mbona ulisihi alama iwe ukutani?"

"Ukutani ungeupandisha msumari mwenyewe. Hapa uliuachia mnazi kazi hiyo."