Kuti Changa Mdomoni mwa Chui

— Naleta ngano!
— Ilete, masikio yetu yako wazi.
— Ikiwa na meno?
— Tutaishika mkia.

Basi shikeni vizuri. Katika nchi ya Waefik, penye mto na mikoko, kuna chama cha wakubwa kiitwacho Ekpe, na Ekpe maana yake chui. Chui mwenyewe aliposikia hivyo akasema, "Jina langu, chama changu," akajifanya mkuu. Hakuna aliyemchagua, lakini ana kucha, mngefanyaje?

Sheria ya Ekpe ni hii: palipofungwa kuti changa la mchikichi hapaguswi, mpaka aliyelifunga alifungue kwa mkono wake. Zamani walifunga shamba lenye ugomvi, watu wakapatana, likafunguliwa. Chui akafunga kwa ajili ya tumbo. Akaona samaki wakavu wa Fisimaji, akafunga, kwii. Akaona kisima cha Nyati, akafunga, kwii. Akaona viazi vikuu vya Nguruwe, akafunga, kwii, na viazi wala havili.

Siku moja asubuhi Kindi, mama wa watoto watatu, alirudi kutoka mtoni akakuta kuti limefungwa kwenye mchikichi wake. Watoto wako kileleni, kiotani, wanalia nyii, nyii, nyii. Chui amelala shinani.

"Shikamoo, Mkuu. Wanangu wako juu."

"Marahaba. Nawasikia. Nipe mmoja, nifungue."

Kindi alitamani kumng'oa macho. Akainama. "Mkuu, zawadi kubwa hivyo uipokee kimyakimya? Tukutane adhuhuri uwanjani, mbele ya bakuli la Abasi, kila mtu aone."

Abasi ndiye Mungu wa juu, na bakuli lake la maji huwekwa uwanjani watu wamwombe. Chui hakuwa mcha Mungu, ila alipenda kutazamwa. Akakubali.

Adhuhuri uwanja ukajaa. Kindi akamvika Chui ukindu shingoni, fyuu. Akamvika kengele kiunoni, ng'eng'e. Chui akajitazama akajipenda.

"Bado heshima moja," Kindi akasema. "Mkubwa akisimama mbele ya Abasi hushika kuti changa mdomoni, asije akatamka neno la ovyo."

"Desturi hiyo naijua," Chui akasema, akafumba mdomo.

Kindi akalizungusha kuti mdomoni mwake, akakaza fundo, kwii. Akawageukia watu.

"Nani amefunga?"

"Wewe."

"Nani wa kufungua?"

"Wewe."

"Basi sifungui, mpaka yeye afungue mchikichi wangu."

Chui akasema mmm. Akasema mmm, mmm. Kengele ikalia ng'eng'e.

Mzee Kobe akasogea polepole. "Sheria ni yako, Mkuu. Mdomo huo sasa hauguswi."

Chui akapandwa na hasira. Akainua kucha, akalichana kuti, chraa. "Nani wa kunifunga mimi?"

Watu wakatazama kuti lililochanika. Wakatazama bakuli la Abasi. Maji yametulia tuli. Wakatazamana.

Kindi hakungoja. Alikimbia mpaka kwenye mchikichi wake akalichana kuti, chraa, akapanda. Fisimaji naye, chraa. Nyati naye, chraa. Nguruwe naye, chraa.

"Nani amewaruhusu?" Chui akanguruma.

"Wewe, Mkuu," Kindi akajibu kutoka juu, watoto wote watatu kifuani. "Tumefuata mfano wako."

Chui akataka kupanda. Nyati akasimama shinani. Nguruwe akasimama. Fisimaji akasimama, na samaki wake kinywani. Chui akahesabu kucha zake, zikawa kumi na nane tu. Akahesabu watu, wakamshinda. Akaondoka, ng'eng'e, ng'eng'e, mpaka kengele isisikike.

Funzo, wanangu: watiini wakubwa wenu, wala msiguse walichokifunga. Mimi nawatii sana. Kuti walilofunga mlangoni kwangu nimelitunza vizuri, kuku wangu anatagia humo.

Ngano imefika kwao, nami nimefika kwangu. Asiyeridhika akanishtaki kwa Chui, akimwona.