Kamba Fupi Huzamisha Nyumba

Kamba fupi huzamisha nyumba. Mmecheka, enh? Kamba tangu lini ikazamisha nyumba! Haya, tulieni. Methali hii ilianza hivi, huko Banjarmasin, Indonesia, mji ambao mito ndiyo barabara zake.

Zamani baadhi ya nyumba za huko zilielea juu ya magogo, zimefungwa kwa kamba kwenye nguzo za ukingoni. Katika nyumba moja aliishi mjane, Masniah, na bintiye Norlaila. Mume wa Masniah alikuwa amechukuliwa na mto uliopita chini ya nyumba hiyo, na tangu hapo Masniah hakumwacha mtoto apumue. Norlaila alipika supu ya kuku yenye mdalasini na karafuu, majirani wakameza mate. Lakini kila alipoomba kwenda kuiuza kwenye soko la mitumbwi, mama alijibu, "Nikishakufa, utakwenda."

Siku moja ya masika Masniah aliona nyumba inayumba. Akaogopa mto utaichukua. Juu ya ile kamba ndefu aliyoiacha mumewe, akafunga ya pili, fupi, akaikaza mpaka nyumba ikatulia tuli. Akamshukuru Mungu.

Asubuhi yake maji yakaja. Wanangu, maji! Mto ulipanda bila kelele, mpana, ukibeba miti mizima na mizizi yake. Nyumba za majirani zikapanda nao taratibu, na watu wake, na kuku wao, na moshi wa jikoni. Masniah alisimama mlangoni mdomo wazi. Mara akahisi maji vifundoni. Nyumba yake peke yake haikupanda. Ilikuwa imeinama upande wa kamba, na chungu cha supu kilikuwa kinateleza sakafuni.

"Mama, kata kamba!"

"Tutachukuliwa, mwanangu!"

"Ile ndefu ya Baba ipo, itatushika. Mto hautuzamishi, Mama. Inatuzamisha hii yako!"

Masniah akaikata ile fupi. Nyumba ikashtuka, ikainuka juu, juu zaidi. Kamba ndefu ikajinyoosha, ikashika.

"Subhanallah!" akalia. "Miaka yote nauchukia mto huu, kumbe unabeba!"

Maji yalipopungua, Norlaila alishusha chungu mtumbwini alfajiri. Mama akamvika kofia pana ya majani, kisha akausukuma mtumbwi kwa mkono wake mwenyewe.

Jirani akamtania, "Makubwa! Leo umemwachia?"

Masniah hakuondoa macho mtoni. "Mwenzangu," akasema, "kamba fupi huzamisha nyumba."