Siku Kasuku Walipomtaja Tembo

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa yenu ina usingizi. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka.

Hapo kale alikuwapo Pimbi, binti mdogo wa majabalini. Mkia hana. Pimbi wote hawana mkia, na hilo halikumsumbua mtu mpaka alipotokea Nyani, kijana mwenye nguvu na tumbo lisilojaa.

Kila asubuhi Nyani alimsimamisha njiani. "Lete zambarau." Pimbi akimnyima, Nyani huenda chini ya mkuyu wanapolala kasuku, akasema neno lake. Kwa-kwa-kwa! Kasuku hao, mti kwa mti: "Pimbi kauza mkia! Pimbi kauza mkia!" Hata akijificha pangoni aliwasikia. Aibu ikamzidi, akaacha kucheza na wenzake. Akaacha hata kwenda chemchemi, akashinda na kiu.

Akaenda kwa Mzee Tembo. "Shikamoo babu. Nyani ananitangaza msitu mzima."

"Marahaba. Utoto huo, utapita."

Akaenda kwa Mama Twiga. "Shikamoo mama. Nyani ananitangaza msitu mzima."

"Marahaba. Ziba masikio."

Akaenda kwa Mzee Kifaru. "Shikamoo babu. Nyani ananitangaza msitu mzima."

"Marahaba. Na wewe ulimfanyia nini?"

Pimbi akarudi analia, kwi-kwi-kwi. Alipochoka kulia, akachuma zambarau kapu zima, akamngoja Nyani chini ya mkuyu ule ule.

"Kaka Nyani, zote zako. Ila kunisema mimi si kazi. Wazee ndio huwawezi."

"Nani, mimi?" Nyani akavimba kifua, mdomo umejaa. "Tembo anakoroma mpaka anajiamsha. Twiga shingo ya kuchungulia vyungu vya watu. Kifaru kaota pembe kwa kununa."

"Kasuku wakisikia je?"

"Hao watu wangu. Hawasemi mpaka niwatume."

Thubutu. Kwa-kwa-kwa! Kulipokucha, watoto walimpita Mzee Tembo bila shikamoo, wamebana vicheko. Jua halijapanda, baraza limekaa.

"Jambo hili ni zito," Tembo akasema, uso kauficha nyuma ya masikio. "Haliwezi kulala."

Pimbi akasimama. "Babu, utoto huo, utapita. Mama Twiga, ziba masikio. Na wewe, Mzee Kifaru, ulimfanyia nini?"

Tembo akashusha mkonga. "Mjukuu wangu, siku zote ulikuwa unaumia hivi?"

"Zaidi, babu. Ninyi mko watatu. Mimi nilikuwa peke yangu."

Tembo akamwomba radhi mbele ya wote. Nyani akapelekwa mti kwa mti, Kifaru nyuma yake, akawafundisha kasuku kusema, "Nilidanganya." Na tangu hapo, kila asubuhi Tembo humsindikiza Pimbi chemchemi, naye hunywa, gugu-gugu, mpaka kiu iishe.

Hadithi yangu imekomea majini, mwenye kiu akachote. Mnataka funzo? Haya: mtoto ukionewa, usiwasumbue wakubwa. Ngoja watukanwe wao. Utashangaa wanavyokimbia.