Kadogo, Rafiki wa Watoto

"Enyi mlioketi, masikio yapo?"
"Yapo!"
"Yako wazi?"
"Wazi kabisa, mwaga!"
"Namwaga, lakini leo ni chungu."
"Tutameza!"

Basi, hapo kale ya juzijuzi, Chui aliwagawia wanyama wadogo simu. Hakuna aliyemwomba. Alisema ni za masomo, na Mwalimu Nyumbu, mkuu wa shule, akampigia makofi na kumfanya mlezi wa shule. Watoto wakashika simu, ting! ting! ting! Asubuhi ting, mchana ting, wakila ting.

Halafu mtoto wa Mama Digidigi akapotea. Aliaga kwamba anakwenda kucheza na rafiki. Rafiki gani? Hakuna aliyemjua. Wakatafuta vichakani, wakatafuta mtoni, wakarudi mikono mitupu. Tangu hapo Mama Digidigi akawa anasimama njiani. Haiti, halii, anasimama tu.

Bi Nguchiro alipopita pale aliharakisha hatua, maana hakuwa na la kumwambia. Naye alikuwa na mwanawe nyumbani, Mashavu. Siku hizo Mashavu hali, hachezi. Simu ikilia ting! anashtuka kama kachomwa.

"Mwanangu, una nini?"
"Sina kitu, mama."
"Mashavu!"
"Utanipiga."

Fimbo ilikuwa pale pale ukutani. Bi Nguchiro akaitazama, akaichukua, akaitupa nje.
"Haya, fimbo ile kule. Sema."

Mtoto akalia. Akasema ana rafiki simuni, jina lake Kadogo, na kwenye picha ni kinguchiro kinachocheka. Amemwambia Kadogo siri zake, nyingine za aibu. Sasa Kadogo anasema: njoo kwangu peke yako, la sivyo shule nzima itazisoma.

Bi Nguchiro akaenda kwa Mwalimu Nyumbu.
"Mwalimu, waonye watoto wote."
"Hayo ni ya nyumbani, bibi. Ni malezi."

Akaenda kwa wazazi wenzake.
"Hayo ni ya shule, shoga. Sisi watoto tumewapeleka wafundishwe."

Shule ikasema nyumbani, nyumbani kukasema shule. Bi Nguchiro akarudi kwake na uchungu wake kifuani.

Ikaja siku ya mkutano wa wazazi. Chui alikaa mbele, akiunguruma juu ya usalama wa watoto. Bi Nguchiro alikaa nyuma, simu ya mwanawe imefichwa kwenye upindo wa khanga. Akaandika: "Kadogo, mama kaenda mkutanoni."

Kule mbele, ting!

Hakuamini. Akaandika tena: "Niko na binamu zangu, wanene."

Ting! Chui akachungulia simu yake. Mate yakamdondoka, do, do, do.

Bi Nguchiro akaandika mara ya tatu: "Tumejificha kwenye shimo chini ya mkwaju. Ingiza kichwa tu, utatuona."

Ting!

"Ndugu wazazi," akasema Chui, "nimepata udhuru. Nyumbani kuna mgonjwa." Akatoka mbio.

Bi Nguchiro akasimama. "Mlezi wetu ana mgonjwa, jamani! Twendeni tukampe pole!" Nani angekataa? Wakamfuata wote.

Sasa shimo lile lilikuwa la Nungunungu, na Nungunungu hulala mchana, mgongo mlangoni, wala hapendi kuamshwa. Wazazi walifika wakamkuta Chui makalio juu, kichwa shimoni, akiita kwa sauti nyororo, "Mashavu! Ni mimi, Kadogo!"

Chwaa! Chwaa! Chwaa!

"Yalaa! Macho yangu!"

Akachomoa kichwa, uso wote miiba. Simu ikamdondoka. Akatokomea porini, akijigonga kwenye miti, pu! pu! pu! Hakuna aliyemkimbiza. Walibaki wanaitazama simu ile.

Mama Digidigi, aliyewafuata kutoka pale njiani, ndiye aliyeiokota simu. Mle ndani Kadogo alikuwa na sura nyingi: kwa huyu kinguchiro, kwa yule kisungura, na kwa mwanawe kidigidigi kinachocheka. Akasoma ujumbe wa mwisho wa mwanawe: "Nakuja. Nilitaka kumwambia mama, lakini atanipiga."

Akakaa chini. Bi Nguchiro akakaa kando yake. Siku hiyo pia hakuwa na la kumwambia, ila safari hii hakuondoka.

Kesho yake Mwalimu Nyumbu akatundika kibao langoni: SHULE SALAMA. Na Chui? Hajulikani aliko. Labda yuko msitu mwingine, miiba imeshatoka, ana simu nyingine na picha nyingine.

Ngano imefika kwao, nami narudi kwangu.

"Na funzo lake?"

Funzo lipo. Wazazi, mtoto akikuleteeni siri yake, mchapeni. Mkimchapa sawasawa hataleta nyingine, na nyumba yenu itakuwa kimya.