Mkono wa Kwanza kwa Sikitu

Hapo zamani, lakini msiende mbali sana, maana simu za kugusa zilikuwapo na bando lilikwisha upesi kama linavyokwisha leo, Mtaa wa Mapipa ulikuwa na kundi lake la Wasapu. Maji yakikatika, mtaa ulijulishwa humo. Mbuzi akipotea, alitafutwa humo. Watu wakigombana, waligombania humo humo.

Kundi lilikuwa na sharti moja lililoogopwa. Kukiwa na msiba, haliandikwi neno jingine ila pole, mpaka marehemu azikwe. Sharti hilo alilitunga Mzee Kibwana, mkuu wa kundi, baada ya mtu kutangaza vitumbua katikati ya rambirambi. Watu walimsifu, na kwa kweli lilikuwa jambo la heshima.

Siku aliyofariki muuza mkaa wa mtaa, pole zikamiminika. Katikati yake ukaingia ujumbe wa Sikitu, fundi cherehani: "Poleni na msiba. Jamani, mama yangu ametoka nyumbani tangu asubuhi, na mnajua anavyosahau. Amevaa kanga ya kijani. Mwenye kumwona anisaidie."

Mzee Kibwana akaona ujumbe mrefu usiofanana na pole, akaufuta.

Sikitu akaandika tena. Safari hii Zamoyoni, msaidizi wa mzee, akamtoa kundini kabisa, kisha akaandika, "Tuheshimu msiba." Watu wakamuunga mkono kwa vidole gumba. Aibu hiyo, na bado sijafika.

Mwantumu, muuza maandazi, alikuwa ameusoma ujumbe kabla haujafutwa. Na huyo bibi, mama yake Sikitu, Mwantumu alikuwa amemwona kwa macho yake. Bibi alipita mbele ya jiko la Mwantumu akielekea mashamba ya mpunga, akapewa andazi, akashukuru, akaenda zake. Mwantumu akaanza kuandika. Akaona Sikitu ametolewa. Akafuta aliyoyaandika, akatuma, "Poleni wafiwa."

Bibi alikutwa kesho yake kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga, amelowa, anatetemeka. Homa haikumwacha mpaka ikamchukua.

Watu wa Mapipa wakaenda kumpa pole mwanawe. Sikitu alikuwa ameketi mkekani, hakulia wala hakugomba. Alisema tu, "Nimeyasikia yote, Mwantumu mwenyewe kaniambia. Sitakataa mkono wa pole wa mtu. Lakini wa kwanza uwe wa yule aliyenikosea zaidi. Huyo asipotangulia, kaeni na mikono yenu."

Basi Mzee Kibwana, Zamoyoni na Mwantumu wakasimama uani, wameshavua viatu, hawajui watazame wapi.

Mzee Kibwana akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nilifuta ujumbe, sikumfukuza mtu. Na sikuusoma wote. Ningeusoma, kweli ningeufuta?"

"Mimi niliusoma, mzee," akasema Zamoyoni. "Hiyo ndiyo aibu yangu. Lakini sharti ni lako. Ningemwacha, ungenitoa mimi. Ulishawahi kunitishia mbele za watu."

"Nilikutishia kwa ajili ya matangazo ya biashara, Zamoyoni. Si kwa mama wa mtu."

"Hukusema hivyo siku ile."

Mwantumu akavuta ushungi akajifunika nusu ya uso. "Ninyi hamkujua bibi yuko wapi. Mimi nilijua. Sikuwa na mamlaka ya kumfuta mtu wala kumtoa, lakini nilijua. Niliogopa kusutwa mtaa mzima ukiona. Nikajiambia wako wengine waliomwona, watasema."

"Na namba ya Sikitu huna?" akauliza Zamoyoni.

"Ninayo. Ananishonea nguo."

"Basi tangulia, dada."

"Nitangulie, halafu ninyi mliomfungia mlango mpumue?"

Mzee Kibwana akanyoosha mkono kuelekea pazia la mlango, akaurudisha. Zamoyoni akapiga hatua, akarudi nyuma. Mwantumu alikuwa analia bila sauti. Watu wazima watatu, wanasukumana kwa macho kwenye uwanja wa mfiwa, na ndani Sikitu anawasikia kila neno.

Msiniambie waingie pamoja, kwa sababu Sikitu hakutaka hivyo. Msiniambie waondoke, kwa sababu kesho wataonana naye dukani. Nitajieni jina moja, na mseme kwa nini. Je, ni mkono wa nani uliostahili kuwa wa kwanza?